Kutoka kopo hadi ukutani: kuskani negativu za zamani katika mji wa vumbi

Bibi mmoja wa Kondoa aliingia ofisini kwangu Majengo, Dodoma, akiwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kipande cha kitenge. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akafungua fundo taratibu. Ndani ya kopo mlikuwa na negativu, zile filamu za kamera ambazo giza na mwanga wa picha vimebadilishana: za rangi, za nyeusi na nyeupe, nyingine zimejikunja kama ganda la ndizi kavu, zote zimelala juu ya vifungo vya shati na sindano mbili. Marehemu mumewe alifanya kazi HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, na alikuwa na kamera.

"Mjukuu wangu, nataka hii moja iwe kubwa, ya ukutani," akasema, akachomoa kipande kimoja. "Hizo nyingine utaangalia mwenyewe."

Nitakueleza nilivyokifanyia kazi kipande kile, tangu kilipotoka kwenye kopo. Ukiwa na skana ya kuskani filamu, au hata kamera nzuri ya kidijitali, kazi hii unaifanyia nyumbani kwako Nkuhungu au Kisasa.

Hatua ya 1: Anza na ukuta

Wengi huwasha skana, wanaona imeandikwa dpi 6400 (yaani nukta 6400 kwa kila inchi), wanachagua hiyo hiyo kubwa, kisha kompyuta inaganda. Anzia mwisho. Uliza picha itachapishwa kwa ukubwa gani na itatazamwa kwa umbali gani. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita.

Picha ya kushika mkononi inataka pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Bibi alitaka inchi 8 kwa 12. Upande mrefu ni inchi 12, mara 300, unapata pikseli 3,600. Fremu ya filamu ya kawaida, ile ya mm 35, ina upana wa mm 36, yaani inchi 1.42. Gawanya 3,600 kwa 1.42, unapata kama 2,540. Kwa hiyo unaskani kwa dpi 2600 au kiwango kinachofuata juu yake. Kwenye skana nyingi hicho ni 3200. Kwa picha ndogo ya inchi 4 kwa 6, hesabu hiyo hiyo inakupa kama 1,270 tu. Kwa picha kubwa ya inchi 16 kwa 24, ambayo mtu ataitazama akiwa amekaa kwenye kochi, pikseli 200 kwa inchi zinatosha: 24 mara 200 ni 4,800, gawanya kwa 1.42, unapata kama 3,400.

Ukikuta negativu kubwa za mraba, zile za sentimita 6 kwa 6 za kamera za zamani za studio ambazo mpigapicha alikuwa akizitazamia kwa juu, umeokota dodo chini ya mnazi. Fremu yake ina upana wa mm 56 hivi, yaani inchi 2.2, na kwa picha ya inchi 12 kila upande unahitaji kama dpi 1,640 tu. Skana ya bei ya kawaida inaimudu kazi hiyo bila jasho.

Sasa kuhusu namba iliyoandikwa kwenye boksi la skana. Skana bapa, zile za kufunika kama fotokopi zenye taa kwenye mfuniko, huandikwa dpi 4800 au 6400, lakini kioo na lenzi zake haziwezi kusoma undani huo wote kwenye filamu. Nyingi haziufikii hata nusu. Usiniamini mimi, jaribu. Chukua fremu moja kali, iskani kwa 1600, kisha 2400, 3200 na 6400. Fungua zote kwenye kompyuta, zikuze zilingane ukubwa, tazama kope za macho au uzi wa shati. Kuna mahali utaona faili linaongezeka lakini kope haziongezeki. Kiwango kilichotangulia hapo ndicho uwezo halisi wa skana yako, kiandike kwenye karatasi ukibandike juu ya mashine. Fremu moja ya mm 35 kwa dpi 3200, ikihifadhiwa kwa rangi kamili, inakula zaidi ya MB 80. Kwa dpi 6400 inakula mara nne ya hapo, na huenda usipate hata kope moja ya ziada.

Skana za filamu peke yake, kama Plustek OpticFilm, zinasoma undani zaidi kwa mm 35, ila nyingi hazipokei negativu kubwa. Ukinunua iliyotumika, dai kuona skani ya filamu iliyofanywa mbele yako, na uhakikishe vishikio vya filamu vipo vyote. Skana bila kishikio chake ni jiko bila kiberiti.

Hatua ya 2: Tambua ulichonacho kabla hujakigusa

Vaa glavu za pamba. Huna? Nawa mikono kwa sabuni, kausha, shika filamu kwa kingo tu kama unavyoshika CD. Inua kipande kwenye mwanga wa dirisha. Kama kina rangi ya chungwa kote, hiyo ni negativu ya rangi. Kama ni kijivu, ni nyeusi na nyeupe. Kama picha inaonekana kwa rangi zake za kweli, hiyo ni slaidi.

Tofauti hii si ya kitabuni. Skana nyingi nzuri zina mwanga wa infraredi wa kutafuta vumbi: mwanga huo unapenya rangi za filamu lakini unazuiwa na vumbi na mikwaruzo, kwa hiyo programu inajua doa liko wapi na inaliziba. Kwenye negativu za rangi mambo huwa mazuri sana. Kwenye nyeusi na nyeupe ni balaa, kwa sababu picha yenyewe imetengenezwa kwa fedha, na fedha nayo inazuia infraredi. Mashine inadhani gauni jeupe la bibi harusi ni uchafu, inalifuta. Kwa filamu hizo zima kitu hicho, uondoe vumbi kwa mkono.

Kila kipande kina pande mbili: mmoja unang'aa, ambao ni plastiki, mwingine umefifia kidogo, ndio wenye dawa, na picha iko huko. Upande wa dawa usiuguse kabisa. Ukikitazama kipande kwa upande unaong'aa, maandishi ya pembezoni husomeka sawasawa. Kwenye skana nyingi bapa huo unaong'aa ndio unaotazama chini kwenye kioo, lakini soma maelekezo ya skana yako. Picha ikitokea imegeuka, saa imehamia mkono mwingine na maandishi ya duka yanasomeka kinyumenyume, geuza kipande.

Halafu nusa. Sitanii. Filamu za asetati zikianza kuoza zinatoa harufu ya siki, na joto la chini ya bati linaharakisha kuoza huko. Kwenye kopo la bibi kipande kimoja cha nyeusi na nyeupe kilikuwa kinanuka achari. Hicho kitenganishe na wenzake mara moja, kiwe cha kwanza kuskaniwa, kwa sababu kikishafika hapo hakirudi nyuma: kitasinyaa na kujikunja mpaka dawa ibanduke kwenye plastiki.

Hatua ya 3: Vumbi

Hapa ndipo mkazi wa Dodoma anapotofautiana na waliotengeneza video za mafunzo. Wao wanasema "futa vumbi kidogo, endelea". Kwetu upepo wa Agosti hadi Oktoba unapita mchana kutwa, hewa ni kavu, na hewa kavu inaipa plastiki umeme wa kusugua. Filamu inakuwa kama puto lililosuguliwa kichwani: inavuta vumbi yenyewe. Unafuta, unageuka kuchukua kishikio, ukirudi limeshajaa tena.

Punje usiyoiona kwa macho ni tatizo kwa sababu unaikuza. Fremu ya mm 36 ikienda kwenye karatasi ya inchi 12 imekuzwa zaidi ya mara nane. Punje ya sehemu moja ya kumi ya milimita inakuwa doa la karibu milimita nzima kwenye shavu la mtu. Kwa kuwa ni negativu, vumbi linazuia mwanga na picha ikigeuzwa linatokea jeupe. Ndugu zetu wakaonekana wamemwagiwa chumvi.

Mimi nafanya hivi. Kazi ya filamu naifanya alfajiri, kabla upepo haujaamka. Jioni ya jana yake napiga deki kwa maji, sifagii. Ufagio unalirusha vumbi hewani na linachukua muda mrefu kutua. Natundika shuka lililoloweshwa na kukamuliwa dirishani, linaongeza unyevu chumbani na kupunguza ule umeme wa filamu. Feni nazima. Nasubiri nusu saa bila kutembeatembea. Sweta la sufu sivai hata kama ni Juni na baridi ya hapa mnaijua. Kioo cha skana nakifuta kwa kitambaa cha maikrofaiba, pande zote mbili: kioo cha chini na kile cha mfuniko, ambacho watu wanakisahau.

Filamu yenyewe napuliza kwa pampu ya mpira, ile ya mafundi kamera, nikiwa nimeiinamisha ili vumbi lidondoke chini lisirudi. Kupuliza kwa mdomo ni kutema mate, na mate yakikauka kwenye dawa ni kazi nyingine. Lililogoma napitisha brashi laini sana, mara moja, kuelekea upande mmoja, bila kukandamiza. Kisha kipande kinaingia kwenye kishikio na mfuniko unafungwa saa hiyo hiyo, si baada ya kujibu simu.

Alama za vidole kwenye upande unaong'aa zinatoka kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 98 kwenda juu, tone moja kwenye kitambaa safi. Mafundi simu wengi wanayo, wanasafishia bodi. Soma asilimia kwenye lebo. Spiriti ya duka la dawa usitumie. Niliitumia miaka ya mwanzo kwenye negativu za mjomba wangu, nikaona nimepata njia ya mkato. Spiriti ile ina vitu vingine ndani, haikuwa alkoholi tupu, na ilipokauka ikaacha utando wenye rangi kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Fremu tatu za maziko ya babu zina utando huo mpaka leo. Maji nayo yaache: dawa ya filamu imeshikwa na jelatini, ikilowa inalainika na kukwaruzika kwa ukucha. Na filamu zilizokaa Tanga au Dar kwa miaka, zikaja na ukungu kama utando wa buibui, usizisugue kabisa. Ziskani hivyo hivyo, malizia kwenye kompyuta.

Sisi tumezoea kusema "kusafisha picha" tukimaanisha kuzichapisha studio. Kwa kazi hii nakuomba uchukue neno kwa maana yake ya jikoni. Nusu saa ya kusafisha filamu inaokoa saa mbili za kuziba madoa kwa kipanya.

Hatua ya 4: Iwe tambarare, iwe kwenye urefu wake

Kipande kilichojikunja hakiwezi kuwa kikali kote; katikati kutakuwa na ukali, pembeni ukungu. Kiweke kwenye mfuko wake wa karatasi safi, kilaze ndani ya kitabu kizito, juu weka vitabu vingine, kiache siku tatu au wiki. Cha bibi kilikaa siku tano chini ya kamusi na kiroba cha mchele cha kilo 10. Usikipashe joto, usikivute kinyume. Filamu kavu inapasuka.

Usikilaze moja kwa moja juu ya kioo. Plastiki ikigusa kioo kwa sehemu tu, zinatokea pete za rangi kama za mapovu ya sabuni, na hizo hazifutiki kirahisi. Tumia kishikio. Tena kwenye skana bapa urefu wa kishikio juu ya kioo unabadilisha ukali. Baadhi ya vishikio vina miguu ya kurekebisha. Visipokuwa nayo, weka vipande vya karatasi chini ya pembe nne: kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, ukiskani fremu ile ile kila mara. Mimi skana yangu ilitaka vipande viwili vya karatasi ya manila. Miaka miwili nilikuwa nalaumu lenzi.

Hatua ya 5: Mashine ikusanye, isipambe

Kazi ya skana ni kukusanya kila kilichomo kwenye filamu, giza lote na mwanga wote. Urembo unakuja baadaye. Kwa hiyo kwenye programu, iwe iliyokuja na skana, SilverFast au VueScan, weka hivi: aina ya filamu sahihi, rangi biti 48 (nyeusi na nyeupe biti 16), faili la TIFF. Zima kunoa ukali, zima kuondoa chembechembe, zima marekebisho ya rangi ya kujiendesha yenyewe.

Chora mpaka wa skani ndani ya fremu. Ukiacha ule weusi wa kishikio au tundu la pembeni linalopitisha taa tupu, programu inalihesabu kama sehemu ya picha na kupima mwanga vibaya. Ukishapima ndipo upanue mpaka kidogo, ili usikate kingo za picha.

Kisha tazama histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha picha ina giza kiasi gani na weupe kiasi gani. Kilima kianzie ndani na kiishie ndani. Kikigonga ukuta wa kushoto, nywele na vivuli vimekuwa weusi mtupu. Kikigonga wa kulia, kanzu imekuwa karatasi isiyo na mkunjo hata mmoja. Vuta vishale vya mwisho viache nafasi pande zote mbili. Picha itaonekana imepauka, kama chai ya maziwa mengi. Ndivyo inavyotakiwa kwa sasa. Kilichopauka kinakolezwa, kilichokatika hakirudi.

Umeme ukikatika katikati ya skani unarudia fremu moja, si msiba. Hatari ni unaporudi kwa kishindo. Kama huna yupiesi, chomoa skana, subiri dakika chache umeme utulie.

Hatua ya 6: Nyuso na udongo

Picha aliyoitaka bibi ilikuwa ya vijana wawili wamesimama kwenye ukingo wa korongo. Mmoja ni mumewe, mkononi ana jembe. Mwenzake amevaa kanzu. Nyuma yao ardhi imekatika mpaka chini, udongo mwekundu wa Kondoa ule wenyewe, umejaza robo tatu ya fremu. Huko ndiko mwaka 1979 serikali ilikoondoa mifugo ili ardhi ipumue.

Nilipoijaribu kwanza kwa rangi za kujiendesha, niliona maajabu. Programu inaamini kwamba picha yoyote, ukichanganya rangi zake zote, lazima itoe kijivu. Ilipokuta wekundu mwingi ikadhani ni kosa la filamu, ikaupunguza. Udongo ukawa wa kijivujivu kama saruji, na nyuso za wale vijana zikawa za kibluu, kama watu waliopakwa majivu. Mtu ambaye hajawahi kufika Kondoa angeona ni picha nzuri tu.

Kwa hiyo rekebisha kwa mkono, na kuna njia ya kupima badala ya kubahatisha. Chukua kile kidude cha kunusia rangi kwenye programu ya kuhariri, kigusishe kwenye shavu au paji la uso palipopigwa na jua. Kitakupa namba tatu: nyekundu, kijani, bluu. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii au maji ya kunde, ina mpangilio mmoja: nyekundu juu, kijani katikati, bluu chini. Ukikuta bluu imeipita kijani, uso umeingiliwa. Ukikuta kijani imekaribia sana nyekundu, mtu wako ataonekana mgonjwa wa nyongo.

Usitumie kanzu kama kipimo cha weupe. Nilitumia, nyuso zikageuka manjano, nikakaa nikishangaa mpaka mama yangu alipopita nyuma yangu akasema, "Si walikuwa wanatia bluu?" Kweli kabisa. Nguo nyeupe zilisuuzwa kwa maji ya bluu ili zing'ae, kwa hiyo kanzu ile ilikuwa na ubluu wake halali. Ukiilazimisha iwe nyeupe kavu, unaiongezea picha nzima umanjano. Tafuta kitu cha kijivu cha kweli: sakafu ya saruji, nguzo ya zege, barabara ya lami kavu. Kwenye picha ya bibi hakukuwa na lami wala saruji. Nikatumia mpini wa jembe? Hapana, nikatumia chuma chake, pale kilipolika na kung'aa.

Suala la mwangaza wa nyuso nalo ni hilo hilo. Programu ikiona uso mweusi kando ya kanzu nyeupe, inachagua upande mmoja: ama inalinda kanzu na kuuzamisha uso gizani, ama inafuta kanzu ili uso uonekane. Tatizo hili lina umri mrefu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak iligawa kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na mashine za kuchapishia zikarekebishwa kwa ngozi yake. Wewe unayo nafasi waliyokosa mafundi wale. Tumia mkunjo wa toni, ile mistari inayopindwa: inua sehemu ya katikati-chini, palipo na nyuso, kidogo kidogo, huku mwisho wa juu ukiushikilia usisogee. Acha mara tu unapoona mstari kati ya shavu na sikio. Ukiendelea zaidi unamchubua mtu rangi, na familia yake itajua kabla hujamaliza kuwaonyesha.

Bibi alipokuja mara ya pili nilimweka mbele ya skrini. Akasema, "Huyu wa kanzu alikuwa mweusi kuliko hivyo." Nikashusha. Hakuna programu yenye taarifa hiyo.

Hatua ya 7: Kuziba madoa, kupunguza, kunoa

Kuza picha kwa asilimia 100, anza kona ya juu kushoto, teremka kwa mistari kama unayelima. Ziba madoa kwa brashi ya kuponya, dogo dogo. Makovu ya mtu, chanjo begani, pengo la jino, acha.

Hifadhi faili hili kubwa kama lilivyo. Kisha tengeneza nakala ya kuchapisha: ipunguze iwe pikseli 2,400 kwa 3,600, halafu ndipo unoe ukali, kwa upana wa pikseli 1 na nguvu ya asilimia 80 hadi 120. Ukiona nyuzi nyeupe zimezunguka kichwa cha mtu dhidi ya anga, umezidisha. Geuza nakala iwe sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini), biti 8, JPEG ya ubora wa juu. Mashine nyingi za studio zetu zinataka hivyo, na ukizipa faili la rangi pana zaidi picha inatoka imechujuka. Kumbuka pia kwamba fremu ya mm 35 ina uwiano wa 2 kwa 3: inaingia kwenye inchi 8 kwa 12 bila kukatwa, lakini kwenye 8 kwa 10 lazima mtu apoteze mguu au kofia. Amua wewe, usimwachie mashine.

Kama huna skana

Kamera yenye lenzi ya makro inayofika 1:1, yaani inayopiga kitu kwa ukubwa wake halisi, inafanya kazi nzuri, hata kuizidi skana bapa. Unahitaji meza ndogo ya mwanga yenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi sawasawa) ya 95 au zaidi, stendi imara, na kishikio cha filamu. Weka ISO 100, tundu la lenzi f/8, faili la RAW (ghafi, lisilopambwa na kamera), tumia saa ya kuchelewesha ili kidole kisitikise. Kamera lazima iwe sambamba na filamu: weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa filamu, angalia kwenye kamera, lenzi ikijiona katikati ya picha, umepatia. Zima taa za chumba. Simu ya mkononi inafaa kuchagulia tu, kujua fremu ipi ina nani.

Hatua ya 8: Studio ya kuchapisha

Kabla hujaenda, punguza mwanga wa skrini yako. Fungua ukurasa mweupe, shika karatasi nyeupe pembeni yake kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, vifanane. Skrini nyingi zinawaka kupita kiasi, ndiyo maana picha "inatoka nyeusi" studio na fundi analaumiwa bure.

Nenda na jaribio la inchi 4 kwa 6. Mimi naligawa vipande vitano vya uso ule ule, kila kimoja kimeongezwa mwanga kidogo kuliko jirani yake. Bei yake ni ya picha moja ndogo. Litazame mlangoni kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya kaunta, uchague kipande chako.

"Kaka, hii naomba usiguse rangi," nikamwambia fundi wa studio.

"Nisiguse kabisa? Mashine huwa inarekebisha yenyewe."

"Hiyo yenyewe ndiyo naomba uizime."

Alizima. Usiposema, kazi yako yote ya hatua ya 6 inafutwa kwa sekunde moja, na udongo unarudi kuwa saruji.

Hatua ya 9: Negativu zirudi wapi

Majina ya mafaili yawe ya kueleweka: mwaka, mahali, jambo, namba, kwa mfano 1979_Kondoa_korongo_014. Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwenye nyumba nyingine au mtandaoni. Negativu ziingie kwenye mifuko ya polipropilini au karatasi isiyo na asidi. Plastiki laini zinazonuka kama viatu vipya zinagandana na filamu, ziepuke. Ziwekwe kwenye rafu ya chini ya chumba cha ndani, mbali na dari. Kilichonuka siki kikae peke yake, kwenye bahasha ya karatasi inayopitisha hewa.

Bibi alipokea picha yake, bahasha za negativu na flashi. Akazihesabu bahasha. Kisha akauliza kopo lake liko wapi, maana vile vifungo ni vya shati lililomo kwenye picha.